Kaka anataka tuuze fimbo ya pool ya marehemu baba wiki hii, mi nasema tusubiri

Kaka mshauri habari za kazi, pole na majukumu. Naandika ndefu kidogo naomba univumilie, hapa nyumbani tumefika mahali hatusikilizani na kinachotugombanisha ni fimbo ya pool.

Baba yetu alifariki mwaka jana. Alifanya kazi melini miaka mingi na vitu alivyoacha tuligawana vizuri tu, hakuna aliyenuna, ila hiyo fimbo aliniachia mimi kwa mdomo mbele ya mama. Alikuwa anaiweka chini ya kitanda ndani ya mfuko wa ngozi ambao saa hizi umechakaa, sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Jioni moja moja akiwa ametulia anaitoa, anaifuta na kitambaa kikavu, anaiunganisha, anaikodolea kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, kisha anaifungua tena anairudisha. Kucheza kwenyewe sikuwahi kumuona. Mama anasema alikuwa nayo tangu kabla hawajaoana, na kuna picha yake ya 1967 ameishika, amesimama na wenzake wawili pembeni ya meza.

Nikueleze ilivyo. Inafunguka katikati, sehemu ya kuungia ina chuma cha rangi ya shaba. Kipande cha nyuma ni kimoja ila vya mbele viko viwili, yaani unachagua ufunge kipi. Kimoja cha mbele kimepinda ukikitazama, kingine kimenyooka. Kile cha nyuma kina kama mikuki minne mirefu ya mti mweusi mwekundu inayopanda kwenye mti mweupe, na kila mkuki una vimistari vyembamba vya rangi pembeni, kijani, nyeupe, na nyingine kama ya chungwa iliyofifia. Pa kushikia pamezungushiwa uzi mweupe wenye madoa ya kijani, umekuwa kahawia kwa mikono ya baba. Chini kuna pete pana nyeupe iliyogeuka njano, halafu kifuniko cheusi. Kuna maandishi yamefutika nusu, nimesoma kwa shida "lke-Collender" na chini yake "Willie Hoppe". Pia imegongwa namba 19.

Sasa kaka yangu mkubwa kaingia kwenye simu kakuta Willie Hoppe alikuwa bingwa wa dunia, basi hatulali, anasema baba alikuwa na fimbo ya bingwa mwenyewe na tumetajirika. Akatafuta mnunuzi, jamaa akaja, akaishika dakika mbili akasema ni fimbo ya kawaida tu lakini anaitaka, pesa anayo mfukoni, ila bei yake inaisha mwisho wa wiki. Kaka anasema tuuze tugawane. Mume wangu naye anasema tukiipiga msasa na vanishi itang'aa bei itapanda, na msasa ameshanunua. Fundi mmoja wa samani kasema kile kilichopinda anaweza kukinyoosha kwa mvuke.

Mi huu mchezo siujui kabisa. Nataka kujua hii fimbo ni nini, ina thamani gani, na tufanye nini kwanza. Na kaka ana haki ya kunilazimisha?

Binti wa Baharia

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa msiba, na asante umeandika kabla msasa haujafunguliwa. Kabla hujamaliza kusoma nyanyuka ukauchukue huo msasa, mpe mumeo kazi nyingine, na huyo fundi mwambie asante lakini hapana. Nakwambia hivi nikiwa na kidonda changu. Miaka ya nyuma kijana mmoja aliniletea fimbo ya mjomba wake, chafu mno, imejaa mafuta ya mikono na chaki, na mimi kwa moyo wa kusaidia nikaifunga kwenye mashine ya kukereza nikapitisha msasa laini kabisa pale chini karibu na kifuniko. Sekunde chache tu. Nilipozima mashine nikaona vumbi la dhahabu kwenye kidole gumba. Ile dhahabu ilikuwa herufi, kulikuwa na jina pale chini ya uchafu, na mpaka leo sijui lilikuwa jina gani wala yule kijana hatajua. Kwa hiyo nikisema usiguse sisemi kwa kujisikia fundi, nasema kwa sababu fimbo ya zamani inajulikana kwa vitu vidogo vilivyoko juu juu kabisa, maandishi, vanishi ya kiwandani, uzi, rangi ya mti, na hivyo ndo vya kwanza kuondoka ukianza kuipendezesha. Mnunuzi anayejua vitu hivi anailipa zaidi ikiwa na uchafu wake kuliko ikiwa inang'aa na haina historia.

Haya tuje kwenye jina, maana naona ndo limemkosesha kaka usingizi. Willie Hoppe kweli alikuwa mtu mkubwa, Mmarekani, alizaliwa 1887, na 1906 akiwa na miaka 18 tu alimfunga Mfaransa Maurice Vignaux hukohuko Paris akachukua ubingwa wa dunia, akaendelea kubeba mataji mpaka yakafika 51, akastaafu 1952 na kufariki 1959. Mchezo wake mkuu wala haukuwa pool hii ya mashimo, alikuwa anacheza biliadi ya karomu, meza isiyo na mashimo, unahesabiwa pointi kwa mpira wako kugusa mingine. Sasa mtu wa namna hiyo makampuni yanamlipa yaweke jina lake kwenye bidhaa, kama leo unavyoona kiatu kina jina la mchezaji na hujawahi kufikiri kimetoka mguuni kwake. Fimbo zenye jina la Hoppe zilitengenezwa kiwandani nyingi tu zikauzwa madukani. Jina pale linakwambia toleo, halikwambii mwenyewe. Kusema ilikuwa mkononi mwa Hoppe inataka ushahidi mwingine kabisa, barua, picha, risiti, na bila hivyo kaka akienda kwa watu na hayo maneno atafungiwa milango hata kwa kile ambacho ni kweli, kwa hiyo mwombe ayaache.

Lakini sikiliza, kile kipande cha neno ulichosoma kwa shida ndo kinanifurahisha mimi kuliko jina la bingwa. "lke-Collender" ni mkia wa Brunswick-Balke-Collender, kampuni ya Marekani ya meza na vifaa vya biliadi. Brunswick alianza 1845 huko Cincinnati, kampuni ikaja kuungana na nyingine mpaka 1884 ikawa na hilo jina refu, na 1960 ikabadilisha ikawa Brunswick Corporation. Kwa hiyo fimbo yenye hayo maandishi ni ya kabla ya 1960 au hapohapo mwanzoni. Ukiweka pamoja na picha ya baba ya 1967 unaona kwamba inaelekea alipoipata ilikuwa tayari imeshatumika na mtu mwingine kabla yake, mabaharia wanapitia bandari nyingi na vitu vya namna hii vinabadilishana mikono. Hiyo ni habari nzuri, ina maana picha na maandishi havipingani.

Na hiyo 19 wala si mwaka wala si namba ya toleo. Ni uzito, aunsi 19, kama gramu 540 hivi. Chukua mizani ya jikoni, weka kipande cha nyuma na kimoja cha mbele, soma. Halafu badilisha kipande cha mbele soma tena. Isipofika pale pale usishtuke, mti hukauka na kipande cha mbele kinaweza kuwa kilibadilishwa, lakini andika namba zote mbili.

Sasa mikuki. Hapa naomba unisome taratibu maana ndo roho ya fimbo yenyewe, na utahitaji mwanga wa mchana dirishani na kioo cha kukuza kama kipo. Kuna njia tatu za mikuki kuwepo kwenye fimbo. Ya kwanza ni ya uongo, ni picha imechapwa kwenye karatasi nyembamba au plastiki ikabandikwa na kufunikwa vanishi, ukikuza unaona vitone vya wino kama vya gazeti, na nyuzi za mti mweupe haziishii kwenye mstari, hakuna mti pale. Ya pili fundi anachonga mifereji kwenye kipande cha mti mweupe halafu anagundisha vipande vya mti mweusi ndani yake, hapo ukifuata mkuki kwa kidole kurudi nyuma kuelekea pa kushikia unaona unapanuka lakini mti mweupe unaendelea katikati ya mkuki na mkuki mpaka unaingia chini ya uzi. Ya tatu ndo ya zamani ya viwanda kama Brunswick, miti miwili mirefu inachongwa kama vidole vya mikono miwili halafu inaingizwa moja ndani ya nyingine na kugundishwa, mweusi unapanda na mweupe unashuka, kwa hiyo ukifuata mikuki kurudi nyuma inazidi kunenepa mpaka inakutana, na ule mweupe unaishia kwa ncha katikati yao kama ulimi. Wakati mwingine sehemu ya kukutana imefichwa na uzi, usifungue uzi kuangalia, tazama tu kama inaelekea kukutana.

Hivyo vimistari vya rangi ni vinia, mbao nyembamba sana zilizotiwa rangi zikalazwa kati ya mti na mti kabla ya kugundisha. Zimefifia kwa sababu ni mti uliotiwa rangi kweli na umekula miaka, na hiyo chungwa iliyopauka ni dalili nzuri. Angalia pia ncha ya juu kabisa ya kila mkuki. Iliyochongwa kwa mtindo wa kale inakuwa kali kama sindano na minne hiyo haifanani urefu sawasawa, mmoja umempita mwenzake milimita moja au mbili. Ikiwa ncha ni butu, ya mviringo kidogo, na yote minne imelingana kama mapacha, hapo ujue imekatwa na mashine ya kompyuta na fimbo ni ya miaka ya karibuni hata ikiwa na jina gani. Ukishapata jibu la hili umeshajua nusu ya kitu.

Nikienda na maelezo yako kama yalivyo, mikuki minne yenye vinia, kuungia kwa shaba, uzi, maandishi ya kampuni na ya Hoppe, na ile pete pana nyeupe chini ambayo mafundi mpaka leo wanaiita pete ya Hoppe, naona fimbo ya kiwandani ya Brunswick ya toleo la Hoppe, halali, ya katikati ya karne iliyopita. Hiyo siyo takataka dada yangu, na siyo utajiri. Ikiwa nzima na haijachezewa, za namna hiyo kwa kawaida huongelewa kwa mamia ya dola, hali yake ndo inaamua iwe mamia machache au zaidi. Anayekwambia ya kawaida tu huku ameshika pesa mkononi anajua anachokiona.

Kuna mlango mmoja sijaufunga. Brunswick ilikuwa na fimbo nyingine za kipande kimoja zinaitwa Titlist, zile za kutundikwa ukutani kwenye kumbi, na mbao zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba mafundi wakubwa walizichukua wakazikata, wakaweka kiungo chao, pete zao na kifuniko chao, wakatoa fimbo mpya. Herman Rambow wa Chicago alifanya hivyo, yeye ndo alimtengenezea Hoppe mwenyewe, na George Balabushka aliyezaliwa Urusi 1912 akahamia Marekani akiwa mtoto, akaanza kutengeneza fimbo 1959 mpaka alipofariki 1975, naye za mwanzo alitumia mbao hizo. Fimbo ya kweli ya Balabushka inafika maelfu mengi ya dola. Kwa hiyo fimbo inaweza kuwa na mwili wa kiwanda na mikono ya fundi mwingine. Kwako sioni dalili hiyo, maandishi ya kampuni na pete vinaelekea kiwandani, ila ndo sababu nyingine ya kutoiuza kwa haraka kabla mtu anayejua hajatazama kiungo. Na tahadhari ya upande wa pili, jina la Balabushka baadaye liliwekwa kwa leseni kwenye fimbo za kiwandani zilizotengenezwa baada ya yeye kufa, kwa hiyo kaka akikutana na jina hilo kwenye matangazo asikimbie nalo.

Vipande vya mbele. Vile viwili ni mali kubwa kama vyote ni vya asili, maana fimbo yenye shafti zake mbili, yaani vipande vya mbele, za tangu mwanzo ina bei kuliko yenye moja. Jinsi ya kujua, shika kila kimoja kwa zamu ukiunganishe na cha nyuma, taratibu, kikigoma usilazimishe. Tazama pale vinapokutana. Cha asili kinakaa bapa, upana wake unaendelea na cha nyuma bila ngazi, ukipitisha ukucha haukwami, na pete ndogo ya pale kwenye kiungo inafanana rangi na umbo na mwenzake. Kikiwa kinene au chembamba kuliko mwenzake, au pete yake ni ya rangi nyingine, kiliongezwa baadaye. Inawezekana kabisa kilichopinda ndo cha asili na kilichonyooka ndo baba alikinunua ili aweze kucheza, kwa hiyo kisitupwe wala kisipigwe mvuke. Mvuke unalegeza gundi, unafumua vanishi, na mti ulionyooshwa hivyo mara nyingi hurudia ulivyokuwa baada ya muda, utakuwa umelipia hasara.

Kupima kupinda kwenyewe watu wengi wanakosea. Wanaiunganisha yote wanaizungusha mezani wakiiona inaruka wanasema imeharibika. Anza na kipande kimoja kimoja. Tafuta meza iliyo bapa kweli, au kioo kizito, laza kipande, kizungushe polepole kwa vidole, inamisha kichwa uangalie mwanga unaopita chini yake. Fimbo imepungua unene kuelekea mbele kwa hiyo mwanga lazima uwepo, unachotafuta ni kama ule mwanga unafunguka na kufumba wakati inazunguka. Ukitulia, kimenyooka. Ukipumua kama mdomo, kimepinda. Ukishamaliza vyote ndo uunganishe uzungushe tena, na hapo ikiruka wakati vipande vyenyewe vimenyooka basi tatizo liko kwenye kiungo, huenda kuna uchafu umenasa au uso wake umeliwa. Shafti iliyopinda inavumilika sokoni kwa sababu shafti nyingine inaweza kutengenezwa. Kipande cha nyuma kikipinda ndo maumivu. Wewe umesema kilichopinda ni cha mbele, kwa hiyo nina matumaini.

Pete nyeupe sasa, na hapa sitanii maana kuna sheria. Inaweza kuwa plastiki, inaweza kuwa mfupa, inaweza kuwa pembe ya ndovu, vyote vilitumika kwenye fimbo za zamani, na vivyo hivyo kile kipete cheupe cha juu chini ya ncha ya ngozi. Mfupa ukiukuza una vitone na mikwaruzo midogo myeusi, ni mishipa ya damu ya zamani. Pembe ya ndovu haina vitone, na pale ilipokatwa mkato unaona mistari myembamba inayopishana kama wavu. Plastiki inafanana kote. Kuna watu watakwambia uchome na sindano ya moto ujue, usifanye, kwanza utaacha shimo, pili plastiki moja ya zamani inayoitwa seluloidi, ambayo Hyatt aliitengeneza Marekani karibu 1869 akitafuta mbadala wa pembe kwa ajili ya mipira ya biliadi, inashika moto kwa urahisi sana. Ukiwa na wasiwasi kwamba ni pembe muulize mtu wa makumbusho au wa mamlaka ya wanyamapori kabla ya kuiuza, maana mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini uliingiza tembo wa Afrika kwenye katazo kali 1989, Marekani ikakaza zaidi 2016 na Uingereza sheria yake ya pembe imeanza kufanya kazi 2022. Kuipeleka kwa mnunuzi wa nchi nyingine bila vibali inaweza kukupotezea fimbo na kukuingiza matatani, hata kama pete yenyewe ni ndogo kama ya kidole.

Huyo jamaa wa bei inayoisha mwisho wa wiki muache iishe. Fimbo imekaa chini ya kitanda zaidi ya nusu karne, wiki mbili hazitaiozesha. Kama anaitaka kweli atarudi, na kama hatarudi alikuwa anaitaka kwa sababu ya haraka yenu. Mkadiriaji akikwambia bei na yeye huyohuyo ndo anataka kununua, hiyo siyo bei, ni ofa, wewe tafuta watu wawili watatu wasiojuana na wasiotaka kuinunua, mmoja awe fundi wa kutengeneza fimbo na mwingine mkusanyaji wa za zamani, uwalipe ada kama wanadai. Na mnapotafuta bei kwenye simu msiangalie zinazotangazwa, mtu anaweza kutangaza mlima. Angalieni zilizouzwa kweli, minadani na kwenye maduka ya mtandaoni wanaonyesha iliyouzwa na tarehe, na linganisha na yenye hali kama yenu, shafti ngapi, uzi wa asili au la, imepakwa upya au la.

Watakuomba picha, kwa hiyo zipige vizuri mara moja. Mchana, kivulini, bila mwanga wa simu maana unaua maandishi. Nzima kwanza ikiwa imefunguliwa na rula pembeni, halafu karibu kabisa mikuki yote minne, nyuso zote za kiungo, pete, kifuniko kwa chini, uzi, namba 19, ncha. Maandishi yapige ukiwa umeinamisha fimbo mwanga uje kwa ubavu, nimeona herufi ambazo jicho halizioni zikajitokeza kama kivuli kwa kugeuza tu pembe ya mwanga, huenda ukapata hata neno zima la juu. Pima na urefu, nyingi za wakati huo ni kama inchi 57, sentimita 145 hivi, na unene wa ncha ya mbele kama una vernia, kile kipimo cha unene, karibu milimita 13 ni ya pool, ikishuka kwenye 11 au 12 wanaweza kuwaza karomu. Na ule mfuko wa ngozi uliochakaa usiutupe, unauzwa pamoja au unakaa pamoja.

Kusafisha, fanya vile vile baba alivyofanya, kitambaa kikavu basi. Ilale bapa au ikae ndani ya mfuko, siyo kuegemezwa ukutani, siyo dirishani penye jua, na kamwe isiachwe ndani ya gari lenye joto maana gundi ya zamani inaachia na utaona mikuki imenyanyuka ukipitisha kidole. Ile ncha ya ngozi iliyokauka iacheni ilivyo.

Sasa kaka. Umesema baba alikupa wewe, mbele ya mama, basi kwangu mimi ni yako na nadhani hata yeye moyoni anajua, ingawa kisheria wosia wa mdomo muulizeni anayejua sheria, ila hasira yake naiona inatokana na kudhani kuna mamilioni unayakalia. Usigombane naye kwa maneno. Mwite, mkae dirishani wawili, mpe kioo cha kukuza, mwache yeye mwenyewe afuate mikuki na kidole na ajionee inakutana au haikutani, asome yeye "Balke-Collender", apime yeye hizo aunsi. Mtu akishaikagua fimbo kwa mikono yake haongei tena kuhusu kuiuza kwa mtu wa dakika mbili, nimeliona hili mara nyingi. Na mkiwa na namba za kweli mezani, mkaona ni mamia ya dola na siyo majumba, uamuzi wa kuuza au kubaki nayo utakuwa mwepesi, na mimi ningekuwa wewe ningebaki nayo, lakini hilo ni lako.

Kitu cha mwisho na hiki kifanye kabla ya vyote, leo. Kaa na mama. Muulize baba aliipata wapi, kwenye bandari gani, kwa nani, aliinunua au alipewa, wale wawili kwenye picha ni kina nani na kama yupo aliye hai, aliwahi kubadilisha uzi au kununua kile kipande cha pili. Andika kila anachosema kwa maneno yake hata kama ni vipande vipande, weka tarehe, aweke sahihi kama anaweza, halafu geuza ile picha ya 1967 utazame nyuma. Mabaharia walikuwa wanaandika nyuma ya picha.